Shajara ya mradi: ghala dogo, ukuta ulioanguka na udongo ambao hatukuupima

6 Januari: Kilichoanguka

Ukuta wa kuzuia udongo umelala. Kati ya mita 12, mita 7 zimepinduka kuelekea bondeni usiku wa mvua ya tatu mfululizo, na mita 5 zilizobaki zimeinama. Nilipotundika timazi kwenye ukingo wa juu wa kipande kilichosimama, uzi uliachana na ukuta kwa sentimita 9 kule chini. Mawe ni mazima. Saruji iliyoyaunganisha ni ngumu, tumetumia nyundo nzito kuyatenganisha.

"Injinia, ukuta huu haukuvunjika," alisema fundi mkuu akiwa ameinama kukagua kitako chake. "Umesukumwa."

Mzee yuko sahihi, na aliyeusimamia ukuta ule miaka miwili iliyopita ni mimi. Nilihesabu mifuko ya saruji, nikapima uwiano wa mchanga, nikakataa mawe mabovu. Udongo wa nyuma sikuugusa hata kwa kidole. Tulichimba mfinyanzi mweusi pale pale, tukaurudishia nyuma ya ukuta, tukaukanyaga kwa miguu, tukaondoka. Hatukuacha hata tundu moja la kutolea maji.

Kazi sasa ni mbili: kujenga upya ukuta wa mita 12 wenye kimo cha mita 1.5, na kujenga ghala la vifaa la mita 6 kwa 4 upande wa juu, mita 6 nyuma ya ukuta. Ramani ya ghala tunayo tangu mwaka jana, ina msingi wa kawaida wa kina cha sentimita 60. Nimeiweka kando mpaka nijue tunajenga juu ya nini.

Gharama nitaziandika kwa vifaa na siku za kazi (mtu mmoja kwa siku moja), ili anayefuata apige bei za kwake. Hasara ya kosa la kwanza: mifuko 19 ya saruji na siku 31 za kazi.

9 Januari: Mashimo matatu ya majaribio

Tumechimba mashimo matatu, mawili kwenye pembe za ghala na moja nyuma ya ukuta. Kila moja lina kina cha mita 2.

Shimo la 1 na la 3 yanafanana: sentimita 30 za udongo wa juu wenye mizizi, kisha mfinyanzi mweusi hadi mita 1.6, kisha udongo mwekundu wenye changarawe, mgumu kiasi kwamba sururu inadunda. Shimo la 2 lilitushangaza. Hadi mita 1.1 ni kifusi: vipande vya matofali, nailoni, majivu. Mtu fulani aliwahi kufukia shimo hapa, na juu nyasi zimeota sawa na kwingineko. Kwa ramani ile ya sentimita 60, pembe moja ya ghala ingekaa juu ya kifusi na nyingine tatu juu ya mfinyanzi. Jengo likititia lote kwa pamoja, mara nyingi huvumilia. Pembe moja ikititia peke yake, ukuta hupasuka.

Shimo lilipozidi kina cha kiuno hatukumruhusu mtu kuingia bila mbao za kukinga kingo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani 1.8, na ukingo ukimomonyoka hautoi taarifa.

Gharama: siku 6 za kazi. Ningezitumia miaka miwili iliyopita, ule ukuta ungekuwa umesimama.

14 Januari: Vipimo vya mkono

Chupa: udongo, maji, kutikisa, kuacha. Mchanga hutua ndani ya dakika, chembe za kati huchukua saa, na mfinyanzi bado ulikuwa unayachafua maji siku ya pili. Uzi: udongo unyevunyevu ukiviringishwa kwa kiganja, wetu uliendelea kushikana hata ulipofikia unene wa milimita 3. Yote mawili yalisema mfinyanzi, na mkali.

Kipimo cha kuvimba ndicho tulichokosea. Unachukua sentimita 10 za ujazo za udongo mkavu, unazimimina taratibu kwenye gilasi ya vipimo yenye maji, unasoma ujazo baada ya saa 24. Mara ya kwanza tulipata 14, yaani umevimba kwa asilimia 40. Nikafurahi. Mzee hakufurahi, aliuliza kwa nini chini ya gilasi kuna punje zinazoonekana kwa macho. Kweli, tulikuwa tumeweka mabonge. Udongo unatakiwa usagwe na upite kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 0.425, la sivyo maji hayafiki ndani. Tumerudia: 10 imekuwa 19. Asilimia 90. Kuanzia 50 na kuendelea unatakiwa kuwa macho, na ukikaribia 100 jua kwamba majengo mepesi yatapata shida.

Kipimo cha kusinyaa kinathibitisha. Tulipasua bomba la plastiki la kipenyo cha ndani cha milimita 25 katikati, tukakata urefu wa milimita 140, tukapaka mafuta, tukajaza udongo uliokorogwa na maji hadi ulainike, tukauanika kivulini kisha tukaukausha kabisa. Kipande kimetoka na milimita 119. Asilimia 15 ya urefu imepotea.

Hapa ndipo ramani ya kina cha sentimita 60 ilipokufa. Watu wengi hudhani jengo dogo halihitaji kusumbuka na udongo. Kwa mfinyanzi unaovimba ni kinyume chake: jengo zito lina uzito wa kuukandamiza, jepesi hunyanyuliwa. Mvua zikija linapanda, jua likiwaka linashuka, na kwa kuwa kingo hulowa na kukauka haraka kuliko katikati, haliwezi kupanda na kushuka sawasawa.

17 Januari: Mfuko wa mchanga

Vijana wawili kwenye kikosi waliniuliza swali la haki: kama maji ni yale yale na udongo ni ule ule, mbona ukikauka ni jiwe na ukilowa ni uji? Nikaona ni afadhali kuwaonyesha.

Chukua mfuko laini wa plastiki, ujaze mchanga mkavu kabisa, ufunge mdomo kuzunguka mrija, na mdomo wa mrija uufunike kitambaa. Mfuko unabonyea mkononi. Sasa vuta hewa kwa mrija. Mfuko unakuwa mgumu kama tofali. Kijana mmoja aliusimamisha wima mezani na kuweka tofali juu yake ukabeba. Achia mrija, unaporomoka.

Mchanga haukubadilika. Kilichobadilika ni nguvu inayozisukuma chembe zishikamane. Ukivuta hewa, hewa ya nje inazibana chembe, msuguano kati yao unaongezeka. Kwenye udongo uliojaa maji hutokea kinyume: maji yaliyo kati ya chembe yakipata shinikizo hubeba sehemu ya mzigo, chembe hupumua, na msuguano hupungua. Mkazo ambao chembe zinabeba kweli ni mkazo wote ukitoa shinikizo la maji. Mhandisi Karl Terzaghi aliijenga taaluma nzima juu ya hesabu hiyo ya kutoa, na kitabu chake cha 1925 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa mekanika ya udongo ya kisasa. Kabla yake wahandisi walikuwa na vipande tu. Coulomb, yule Mfaransa ambaye jina lake limepewa kipimo cha chaji ya umeme, alikuwa ameshaandika juu ya msukumo wa udongo kwenye kuta mwaka 1776 akiwa mhandisi wa jeshi.

Ndiyo maana huko Niigata, Japani, tetemeko la 1964 lililaza majengo ya ghorofa ubavu yakiwa mazima. Mchanga uliojaa maji ulitikiswa, maji yakabeba mzigo wote, chembe zikaachana, na ardhi ikafanya kazi ya kimiminika kwa muda mfupi. Zege halikuwa na kosa.

20 Januari: Uamuzi wa msingi

Tulikuwa na njia tatu: kuondoa mfinyanzi wote, kumwaga zege moja pana la kubeba jengo zima, au kupita katikati ya mfinyanzi kwa nguzo fupi na kukalia changarawe. Ya kwanza ina udongo mwingi mno wa kuhamisha, ya pili nondo nyingi mno. Tumechagua nguzo.

Hesabu kwa ufupi: kuta, boriti na paa zinaleta karibu kilonyutoni 12 kwa kila mita ya ukuta. Mzingo ni mita 20, jumla 240. Nguzo 10, kila moja kilonyutoni 24, yaani kama tani mbili na nusu. Kwa kipenyo cha sentimita 40, changarawe inabebeshwa kilopaskali 190 hivi (kilonyutoni 190 kwa kila mita ya mraba). Tuliazima fimbo ya kupenyeza, ya kupimia ugumu wa udongo, yenye nyundo ya kilo 8 inayodondoka milimita 575: kwenye mfinyanzi uliolowa inazama milimita 45 kwa pigo, kwenye changarawe milimita 8. Nimeridhika.

Ukipunguziwa muda usiiruke hatua hii. Ghala la nafaka la Transcona, Kanada, lilijazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na likainama hadi nyuzi 27 kwa kuwa mfinyanzi ulio chini ulishindwa kubeba. Jengo lenyewe halikupasuka. Walichimba chini yake, wakalisimamisha, likaendelea kutumika.

2 Februari: Nguzo fupi, na tope la sentimita 15

Mashimo 10 ya kina cha mita 1.9 yamechimbwa, sentimita 30 za mwisho ndani ya changarawe. Kila shimo kwenye sehemu ya mfinyanzi tumelizungushia nailoni tabaka mbili, ili udongo ukivimba uteleze juu ya nailoni badala ya kuing'ata nguzo na kuivuta juu. Nondo zimeshuka hadi chini kabisa kwa sababu hiyo hiyo.

Mashimo manne yalilala wazi usiku, mvua ikanyesha. Asubuhi tukayachota maji, na juu juu yalionekana mazuri. Zege lilikuwa limeshakorogwa. Mzee aliteremsha nondo kwenye shimo la kwanza, akabonyeza sakafu nayo. Ilizama. Jana pale pale haikuacha hata alama. Tukasimamisha kila kitu, tukakwangua sentimita 15 za tope hadi pakawa pagumu tena, na ule mkorogo wa zege tukautumia kwenye mashimo sita yaliyofunikwa.

Zege lililokaa juu ya tope lingetitia sentimita kadhaa, na lingetitia kwa nguzo nne tu. Marekebisho: chimba, kagua kwa nondo, mwaga siku hiyo hiyo. Usipoweza, acha sentimita 20 za mwisho bila kuchimba mpaka asubuhi ya kumwaga, na funika.

Kwenye nguzo ya 7 nailoni ilichanika wakati wa kumwaga, upande wa kaskazini, urefu wa mkono mmoja. Hatukuweza kuirekebisha. Nimeiandika hapa ili isisahaulike.

Gharama ya kosa: siku 5 za kazi.

9 Februari: Boriti na nafasi iliyo chini yake

Boriti za msingi zimemwagwa juu ya nguzo. Chini ya boriti panatakiwa nafasi tupu ya milimita 80, ili mfinyanzi ukivimba upate pa kwenda. Tulitandika mchanga wa milimita 80 kama kitako cha fomu, tukamwaga zege, kisha kila mtu akaenda kwenye kazi nyingine. Siku kadhaa mchanga ulikaa pale. Uliobanwa hivyo hausinyai. Mfinyanzi ungeusukuma na mchanga ungeisukuma boriti, kana kwamba hapakuwa na nafasi. Tumeukwangua wote kwa majembe madogo na maji ya mpira, na kingo tumeziba kwa vipande vya mabati ili udongo usirudi. Siku 4 za kazi.

15 Februari: Sakafu iliyocheza kama godoro

Chini ya sakafu tumeondoa sentimita 60 za mfinyanzi (pembe ya shimo la 2 hadi kifusi kilipoishia) na kuleta udongo mwekundu wenye changarawe. Sakafu haijaungana na kuta, ikitaka kusogea isogee peke yake.

Kosa ni langu. Nilisema udongo umwagiwe maji kabla ya kushindiliwa, sikusema kiasi gani. Vijana walifungulia mpira jioni. Kesho yake mashine ya kushindilia ilipopita, udongo ulibonyea mbele na kuinuka nyuma. Ukisimama ukaruka, jirani yako anahisi. Tukapitisha mashine mara nane zaidi tukidhani tatizo ni nguvu. Likazidi.

Nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Kopo la chuma la lita 1, nyundo ya kilo 2.5 inayodondoka milimita 300, tabaka tatu, mapigo 27 kila tabaka, na udongo ule ule kwa viwango tofauti vya maji. Uzito mkavu kwa lita ulikuja hivi: maji asilimia 8, kilo 1.72; asilimia 11, kilo 1.84, asilimia 13, kilo 1.90; asilimia 15, kilo 1.85, asilimia 17, kilo 1.77. Maji machache, chembe zinagoma kuteleza. Maji mengi, yanashika nafasi ambayo chembe zilitakiwa kukaa, na maji hayabanwi hata ulete mashine ya ukubwa gani. Kilele chetu ni 13. Sakafuni tulikuwa na 17.

Tumeuchambua udongo kwa majembe, tumeuanika siku mbili, tumeurudisha kwa tabaka za sentimita 15. Tulipima kwa kuchimba kijishimo, kupima udongo uliotoka, na kukijaza mchanga mkavu tunaoujua uzito wake ili kupata ujazo: kabla, kilo 1.73, asilimia 91 ya kilele, baada, 1.84, asilimia 97. Tulilenga 95. Hasara: siku 9 za kazi na mafuta ya mashine ya siku nzima.

24 Februari: Ukuta mpya, hesabu ya maji kwanza

Nimeupigia hesabu ukuta uliokufa, nikichukulia kwa huruma kwamba nyuma yake ungekuwa mchanga mzuri. Mchanga mkavu ungeusukuma kwa kilonyutoni 6.75 kila mita. Maji yakijaa hadi juu, yenyewe yanasukuma kilonyutoni 11, na mchanga uliozama 3.8, jumla karibu 15, zaidi ya mara mbili. Kupinduka, kwa kilonyutoni-mita kila mita ya ukuta: ukuta ungeweza kupinga 5.5, mkavu unadai 3.4, uliojaa maji unadai 7.4. Kwa hiyo ulisimama miaka miwili kwa sababu haukupata mvua tatu mfululizo.

Mpya una upana wa sentimita 90 chini na 35 juu, unapinga 12.2. Lakini sikutaka kuegemea unene peke yake. Nyuma yake tumeweka ukanda wa kokoto wa sentimita 30 kwa urefu wote, bomba lenye matundu kitakoni, na matundu ya kutolea maji kila mita 1.5. Mfinyanzi mweusi hauruhusiwi kurudi hapo. Mifuko 26 ya saruji, siku 40 za kazi.

8 Machi: Tundu la tatu linatoa maji mekundu

Mvua kubwa ya kwanza. Matundu yote yanatiririka, jambo ambalo nililingoja kwa hamu. Saba yanatoa maji meupe. La tatu linatoa maji mekundu, na jioni palikuwa na kijilima cha mchanga mwembamba chini yake, kiasi cha viganja viwili.

Viganja viwili ni vidogo, ila udongo huo umetoka mahali, na hapo mahali sasa pana uwazi. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilibomoka Juni 1976 kwa maji yaliyokuwa yakibeba udongo kutoka ndani yake. Kati ya kuonekana kwa uvujaji wa matope na bwawa kuvunjika zilipita saa chache, na watu 11 walikufa. Ukuta wangu hauui mtu, lakini njia ni ile ile.

Tumefukua mita 4. Kokoto zilikutana moja kwa moja na udongo. Matundu kati ya kokoto ni makubwa kuliko chembe, zinapita. Kwingine mchanga mnene ulikuwa umetangulia kati yao kama nilivyoelekeza, hapa uliisha na mtu akaendelea bila huo. Sikuwepo, na sikuwa nimeeleza kwa nini mchanga ule upo. Tumeweka sentimita 15 za mchanga mnene, nimewaonyesha vijana wote kwa ndoo mbili na maji ya tope, moja ina kokoto tupu na nyingine ina mchanga juu ya kokoto. Siku 8 za kazi.

30 Machi: Vipimo vya kwanza

Tumepigilia misumari 10 kwenye boriti, mmoja juu ya kila nguzo, na kusoma kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, kulinganisha na alama iliyo kwenye mwamba mita 20 kutoka hapa. Mpira husoma vizuri hadi milimita 1 au 2, hivyo chini ya hapo sihesabu. Tangu 12 Februari misumari tisa haijasogea kwa kiasi cha kusomeka. Matundu yote ya ukuta yanatoa maji meupe, timazi inagusa pale pale.

Nguzo ya 7 imepanda milimita 4. Ndiyo ile ya nailoni iliyochanika, na nimegundua kuwa bomba la mfereji wa paa linamwaga maji hatua mbili tu kutoka hapo. Leo tumelirefusha hadi mita 5 chini ya mteremko na kumwaga kibaraza cha zege cha upana wa mita 1 kuzunguka ghala, chenye mwinamo wa nje. Kusoma tena: 30 Aprili, kisha kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima, kiangazi na masika.